Cheti Mkononi, Jina kwenye Sajili: Maswali Yenu kuhusu Wasaidizi wa Wauguzi

Tangu tuchapishe makala kuhusu vijana wa Nakuru wanaokwenda kuwahudumia wazee Marekani, barua zimefika nyingi kuliko nafasi ya safu hii. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ni nani anayemsimamia msaidizi wa muuguzi, yule ambaye Wakenya tumezoea kumwita kwa herufi tatu, CNA, na cheti chake kina nguvu gani? Nimechagua barua tano na kuyaacha majina ya walioziandika. Niliifanya kazi hiyo mimi mwenyewe kwa miaka kadhaa katika jimbo la Minnesota kabla ya kurudi kwenye uuguzi hapa Nakuru. Kwa hiyo baadhi ya majibu haya nimeyatoa kwenye kanuni, na mengine nimeyaishi.

*Mheshimiwa Mhariri, binti yangu alimaliza kidato cha nne. Hapa mjini kuna ofisi inayofundisha kozi ya wiki mbili na kutoa cheti cha CNA ambacho wenyewe wanasema kinatambuliwa katika majimbo yote ya Marekani. Wanataka shilingi 85,000 za masomo na shilingi 200,000 nyingine za kufuatilia viza. Nimeshauza ng'ombe mmoja. Je, niuze wa pili? — Mama mkulima, Bahati, Nakuru*

Mama, usiuze ng'ombe wa pili.

Cheti cha CNA kinachotambuliwa moja kwa moja katika majimbo yote ya Marekani hakipo, hata kikiwa kimetolewa Marekani kwenyewe. Ili uone sababu, ni lazima tuitazame sheria iliyoianzisha kazi hii katika sura yake ya sasa. Mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ilitoa ripoti iliyofichua jinsi wazee walivyokuwa wakitunzwa vibaya katika makao mengi: kufungwa kwenye viti, kuachwa katika mkojo, kulishwa haraka na watu ambao hawakuwahi kufundishwa. Desemba 1987 Bunge la Marekani likapitisha mageuzi ya makao ya wazee ndani ya sheria kubwa ya bajeti, na tangu hapo makao yoyote yanayolipwa kwa fedha za umma za Medicare au Medicaid, yaani sehemu kubwa mno ya makao yote, hayaruhusiwi kumweka mtu kando ya kitanda cha mzee kama msaidizi wa muuguzi bila mafunzo na mtihani. Mtu aliye bado mafunzoni anaweza kuajiriwa, lakini asipofaulu ndani ya miezi minne hawezi kuendelea na kazi hiyo.

Serikali kuu iliweka kiwango cha chini kabisa: saa 75 za mafunzo, zikiwemo saa 16 za vitendo chini ya usimamizi. Juu ya kiwango hicho kila jimbo linajiamulia. California inataka saa 160, na 100 kati ya hizo ni za kuhudumia watu halisi. Maine inataka saa 180. Ni serikali ya jimbo, si ya taifa, inayoidhinisha programu ya mafunzo, inayosimamia mtihani wa maandishi au wa mdomo pamoja na ule wa vitendo, na inayotunza sajili ambamo jina la aliyefaulu huandikwa. Programu yenyewe ni lazima isimamiwe na muuguzi aliyesajiliwa mwenye uzoefu wa angalau miaka miwili, na mmoja kati ya miaka hiyo awe ameutumia katika huduma za muda mrefu kama zile za makao ya wazee.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Kinachompa msaidizi ruhusa ya kufanya kazi ni jina lake kuwemo kwenye sajili ya jimbo analofanyia kazi. Karatasi anayoipokea siku ya kumaliza masomo ni ushahidi tu kwamba alipita njia iliyomfikisha kwenye mtihani. Mwajiri mwenye kufuata sheria hasomi karatasi hiyo, anafungua sajili. Kwa hiyo nenda kwenye ofisi hiyo ukaulize maswali mawili, na udai majibu kwa maandishi: ni jimbo gani la Marekani lililoidhinisha mafunzo yenu, na jina la binti yangu litaandikwa kwenye sajili ya jimbo gani? Wakianza kukuonyesha picha za vijana walio kwenye uwanja wa ndege, chukua mkoba wako uende nyumbani.

Kuhusu viza, cheti cha msaidizi wa muuguzi hakimpi mtu haki ya kuingia Marekani wala ya kufanya kazi huko. Njia ya mwajiri kumdhamini mfanyakazi wa aina hii ipo, lakini ni ndefu, inachukua miaka, na huanzia kwa mwajiri mwenyewe kuomba uthibitisho kutoka kwa wizara ya kazi ya nchi yake. Kanuni za Marekani zinamkataza mwajiri kumtwika mfanyakazi gharama za ombi hilo, pamoja na ada ya wakili anayeliandaa. Basi mtu wa Nakuru anapokuomba shilingi 200,000 za kufuatilia viza pasipo kukutajia mwajiri, muulize ni kitu gani hasa anachokifuatilia. Wakala wowote wa kupeleka watu kazini ng'ambo unapaswa kuwa umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na chuo chochote cha mafunzo ya ufundi kinapaswa kuwa na leseni ya TVETA chini ya sheria ya mwaka 2013. Yote mawili unaweza kuyauliza kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Simkatishi binti yako tamaa. Kazi hii ni ya heshima, na mafunzo yake yakitolewa ipasavyo humbadilisha mtu. Kanuni inasema kwamba kabla mwanafunzi hajamgusa mzee hata mmoja, saa 16 za kwanza zitumike kumfundisha kuzungumza na watu, kuzuia maambukizi, kushughulikia dharura kama vile mtu kupaliwa, kumwacha mzee ajifanyie mwenyewe yale anayoyaweza, na kuziheshimu haki zake. Mkufunzi wetu alitupanga wawili wawili, akatufunga macho kwa zamu, kisha akatuamuru tulishane uji kwa kijiko. Aliyenilisha alikuwa na haraka. Nilihisi hofu ya kijiko cha pili kikinifikia kabla sijameza cha kwanza, na tangu siku hiyo sijawahi kumlisha mgonjwa nikiwa nimesimama. Wiki mbili za kunakili maelezo ubaoni haziwezi kumfundisha mtu hilo.

*Mimi ni muuguzi mwenye diploma, nimesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na nimefanya kazi wodini kwa miaka sita. Mume wangu yuko Marekani, nami nimepata viza ya ukaazi ya kumfuata. Watu wananiambia ni lazima nianze chini kama CNA. Je, nitalazimika kukaa darasani tena kujifunza kutandika kitanda? — Dada wa Kondele, Kisumu*

Dada, huenda ukalazimika na huenda usilazimike. Yote yategemea jimbo mume wako anamoishi. Yapo majimbo yanayomruhusu mtu mwenye elimu ya uuguzi kufanya mtihani bila kupitia kozi. Florida imekwenda mbali zaidi: inamruhusu hata asiyesomea kozi hiyo kuujaribu mtihani, na akifaulu sehemu zote mbili na kutimiza masharti mengine, jina lake linaandikwa. Majimbo mengine yatakutaka ukae darasani kwa saa zote. Mwambie mume wako awaandikie wanaotunza sajili ya jimbo lake, kwani katika baadhi ya majimbo ni idara ya afya na katika mengine, kama Florida, ni bodi ya uuguzi. Na usishangae ukikuta jina la kazi limebadilika: New Hampshire na Vermont humwita msaidizi mwenye leseni, Ohio kwa miaka mingi ilimwita msaidizi aliyepimwa na jimbo.

Nikuombe jambo moja kama dada yako mkubwa. Usiudharau mtihani wa vitendo. Wauguzi wenzangu waliotoka Kenya wakiwa na uzoefu wa miaka mingi nimewaona wakianguka katika kunawa mikono, si kwa sababu hawajui kunawa, bali kwa sababu mpimaji anafuata hatua moja baada ya nyingine, na kuigusa sinki baada ya kusuuza mikono kunatosha kukuangusha. Sheria inakupa nafasi zisizopungua tatu za kuujaribu mtihani.

Pia, ukishaandikwa, kumbuka kwamba jina halikai kwenye sajili kwa kukaa tu. Ukipitisha miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi yoyote ya uuguzi yenye malipo, utatakiwa kusoma au kupimwa upya. Dada wengi wamenaswa hapo, hasa waliobaki nyumbani na watoto wachanga. Na kazi ya msaidizi isikufanye ukaacha kuihuisha leseni yako ya hapa wala kuchelewesha safari yako ya kusajiliwa kule kama muuguzi kamili.

*Mwanangu wa tatu anafanya kazi katika makao ya wazee Marekani. Usiku mmoja walikuwa wasaidizi wawili tu kwa upande mzima wa jengo, na mzee mmoja akaanguka kutoka kitandani akavunjika nyonga. Wiki kadhaa baadaye mwanangu akapokea barua ya serikali ya jimbo ikisema kwamba uchunguzi umeona alimtelekeza mzee yule. Rafiki zake wanamshauri aipuuze, ahamie jimbo jingine aanze upya. Ameniuliza mimi babake, nami sijui la kumwambia. — Mzee wa Webuye, Bungoma*

Mzee wangu, mpigie simu leo, usingoje Jumapili. Mwambie aitoe barua ile alikoiweka, aitazame tarehe yake, kisha ahesabu siku. Kanuni za serikali kuu zinampa siku 30 tangu tarehe ya taarifa hiyo kuomba kusikilizwa. Siku hizo zikipita bila yeye kuomba, jimbo linaweza kuandika kwenye sajili kwamba alimtelekeza mzee, naye atakuwa ameipoteza nafasi ya kujieleza kwa sababu tu alinyamaza.

Ushauri wa rafiki zake unatoka katika mapenzi, lakini utamwangamiza. Kabla ya kumwajiri msaidizi, makao yanatakiwa kuulizia habari zake katika sajili ya kila jimbo ambalo yana sababu ya kuamini kwamba lina kumbukumbu zake. Alama ya unyanyasaji, ya kumtelekeza mgonjwa au ya kumwibia haifutiki kwa mtu kuhama. Kwa kawaida inabaki maisha yake yote, na huondolewa tu ikithibitika kwamba iliandikwa kimakosa, au mahakama ikimwona hana hatia, au jimbo likipata habari ya kifo chake. Kwa alama ya kutelekeza pekee, kama lilikuwa tukio moja na mwenendo wake mwingine ni safi, sheria inamruhusu kuomba ifutwe baada ya mwaka mmoja. Kwa unyanyasaji na wizi mlango huo haupo. Kijana mwenye alama ya namna hiyo hawezi tena kuajiriwa na makao yanayolipwa kwa Medicare au Medicaid, awe Texas au Massachusetts.

Nimekueleza ukali huo ili aipe barua ile uzito unaoistahili. Sasa nikueleze upande wa pili, ambao vijana wetu wengi hawaujui kwa sababu hakuna aliyewasomea. Jimbo haliruhusiwi kuandika kwamba mtu alimtelekeza mgonjwa iwapo mtu huyo ataonyesha kwamba kilichotokea kilisababishwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Hayo yameandikwa ndani ya kanuni yenyewe. Si huruma ya afisa fulani. Kama usiku ule kweli walikuwa wawili kwa upande mzima wa jengo, kama kengele za vyumba vitatu zililia kwa pamoja, kama alikuwa ameshika mgonjwa mwingine chooni ambaye hangeweza kumwachilia, hiyo ndiyo hoja yake, na ni hoja yenye nguvu. Lakini hoja bila ushahidi ni maneno matupu. Aombe nakala ya ratiba ya zamu ya usiku ule. Aandike sasa hivi, kumbukumbu zingali mbichi, saa kwa saa, alikuwa chumba kipi na akifanya nini. Amtafute mwenzake wa zamu. Kama aliwahi kumwambia msimamizi kwamba watu hawatoshi, aonyeshe alimwambia lini na kwa njia gani. Hata ujumbe wa simu unafaa.

Akiomba kusikilizwa, jimbo linapaswa kukamilisha shauri hilo katika muda wa siku 120 tangu kulipokea ombi. Aende na wakili kama ataweza kumpata. Katika miji mingi zipo ofisi za msaada wa kisheria kwa watu wa kipato kidogo, na jumuiya za Wakenya huwa zinazifahamu. Na hata uamuzi ukimwendea kinyume, ana haki ya kuweka maelezo yake mwenyewe kwenye sajili, ili yeyote atakayeisoma alama ile ayasome pia maneno yake. Ana haki ya kuuona ukurasa wake na kurekebishiwa kilichokosewa.

Nimelikalia jambo hili kwa muda kwa sababu linaniuma. Nilipokuwa kule, kijana mmoja wa kwetu, mpole sana, alipokea barua kama hiyo akaiweka chini ya godoro kwa aibu. Hakumwambia mtu. Alidhani barua ya serikali ni hukumu iliyokwisha kutolewa, kama tulivyozoea kuziona barua za wakubwa. Tulipokuja kujua, siku 30 zilikuwa zimeshapita. Usimgombeze mwanao, mzee. Msikilize kwanza, kisha mwambie kwamba kujitetea si ukaidi. Na amwombee pia mzee wa watu aliyevunjika nyonga, kwa kuwa naye ni baba wa mtu, na sheria hii yote iliandikwa kwa ajili yake.

*Mpwa wangu aliajiriwa na makao ya wazee huku akiendelea na mafunzo. Sasa wanamkata mshahara kulipia kozi na vitabu, na wamemwambia kuna ada ya kuandikwa kwenye sajili. Ni halali? — Mjomba, Mbale, Vihiga*

Si halali, iwapo makao hayo yanalipwa na Medicare au Medicaid. Mtu aliyekwisha kuajiriwa, au aliyepewa ahadi ya ajira siku anayoanza mafunzo, hatakiwi kutozwa sehemu yoyote ya gharama za mafunzo na mtihani, vitabu vikiwemo. Aliyejilipia mwenyewe kisha akaajiriwa ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza anastahili kurudishiwa gharama zake, na ni jimbo linalopaswa kuweka utaratibu wa kumrudishia. Nalo jimbo haliruhusiwi kumtoza msaidizi ada ya kuandikwa kwenye sajili. Mpwa wako aziweke hati zote za mshahara na kuyalalamikia makato hayo kwa maandishi, kwanza kwa mwajiri, kisha kwa wakala wa serikali ya jimbo unaokagua makao ya wazee.

*Mama yangu alipata kiharusi mwezi wa pili. Baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali tulimwajiri mlezi kupitia wakala wa wafanyakazi wa nyumbani. Ana cheti kizuri chenye muhuri mwekundu. Juzi nimekuta mama ana kidonda mgongoni. Je, hapa kwetu kuna sajili kama hiyo ya Marekani ambayo ningeweza kuangalia jina la mlezi huyu? Na nikitaka kushtaki, nishtaki wapi? — Binti wa Milimani, Kisumu*

Mwanangu, pole sana. Nianze na kidonda, sheria itangoja. Leo hii mpeleke mama hospitali au umwite muuguzi nyumbani, kidonda kitazamwe kina chake na kusafishwa ipasavyo, kwa sababu kidonda cha kulalia kinaweza kuonekana kidogo juu huku kikiwa kimechimba ndani. Kisisuguliwe, wala kisimwagiwe spiriti.

Sasa swali lako. Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, ndiyo inayoliongoza Baraza la Wauguzi la Kenya, na kama mtu atakuambia yeye ni muuguzi unaweza kulithibitisha hilo kwa baraza hilo. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya wauguzi na wakunga. Mlezi wa nyumbani anayemwosha mama yako, kumgeuza na kumlisha hakuandikwa humo. Vyuo vinavyofundisha kazi hiyo vipo, hapo Kisumu na hapa Nakuru, na vingine vinafundisha vizuri kabisa. Wahitimu wake wanaweza kuwa na vyeti vilivyopitia NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, au mitaala ya TVET, yaani ya vyuo vya ufundi. Hata hivyo, vyeti hivyo vinaonyesha kile mtu alichojifunza siku aliyomaliza. Havikuonyeshi alichomfanyia mgonjwa wa mwisho aliyemhudumia. Wenzetu walilijibu swali hilo la pili kwa sajili, na sisi bado hatujalijibu. Mlezi aliyemwachia mzee vidonda Nyalenda anaweza kesho kuajiriwa Mamboleo, na familia ya Mamboleo haina pa kuuliza.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa, na ya kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia zao na serikali. Naisoma ibara hiyo mara kwa mara na kujiuliza itatimizwaje ikiwa hatuna hata daftari la majina ya watu tunaowakabidhi wazee hao. Naamini kwa dhati kwamba kaunti zetu, ambazo tayari zina jukumu la vituo vya afya, zinaweza kuanza na sajili ya hiari: jina la mlezi, chuo alikosomea, saa za mafunzo, na jina la muuguzi aliyempima akifanya kazi. Iwe na mahali pa kupeleka malalamiko na, jambo ambalo nisingependa tulisahau, iwe na nafasi ya mlezi kusikilizwa kabla jina lake halijachafuliwa. Walezi wetu wengi ni wasichana maskini, wanalala sakafuni kando ya kitanda cha mgonjwa bila siku ya mapumziko, wakifanya zamu ambayo kule ingefanywa na watu watatu. Sajili ya kuwaadhibu tu bila kuwalinda itakuwa dhuluma nyingine.

Ndiyo maana, kabla ya kumshtaki mlezi wako, nakusihi ujiulize mambo fulani kwa uaminifu. Je, kuna aliyemwonyesha namna ya kumgeuza mama mwenye upande mmoja usio na nguvu? Je, yuko peke yake usiku na mchana? Godoro ni la aina gani? Kama alifundishwa, ana msaidizi, na bado alimwacha mama alale upande mmoja mchana kutwa, basi mwondoe, na kama kuna dalili kwamba alimtesa au kumwibia, piga ripoti polisi na umjulishe kwa maandishi wakala aliyekuletea. Lakini kama aliachiwa mzigo usiobebeka, kosa ni la zaidi ya mtu mmoja.

Utakapomwajiri mwingine, usiishie kwenye muhuri mwekundu. Piga simu kwenye chuo kilichotoa cheti uulize kama jina lake limo katika kumbukumbu zao. Omba cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, ambacho hutolewa baada ya alama za vidole kuchunguzwa. Zungumza ana kwa ana na familia mbili alizozihudumia kabla yako. Mpe mkataba wa maandishi unaotaja saa za kazi na siku ya mapumziko, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kisha, kabla hujatoka kwenda kazini siku ya kwanza, mwombe amgeuze mama mbele yako. Tazama kama anamwambia mama anachotaka kufanya kabla ya kumshika. Tazama anaweka wapi mkono ulio dhaifu. Dakika tano hizo zitakuonyesha mengi ambayo cheti hakina nafasi ya kuyaandika.

Nunua daftari la kurasa 96 ulifunge kwa uzi kwenye kitanda. Mama ageuzwe kila saa mbili, na kila mara iandikwe saa, upande aliolazwa, hali ya ngozi na jina la aliyemgeuza, awe ni mlezi, wewe au kaka yako. Anzeni usiku wa leo.